Majarini Inavunja Ndoa, Asema Shemeji

Shemeji yangu amegundua takwimu. Kabla ya hapo alikuwa na homa ya kubeti, kisha ikaja zamu ya dawa ya majani ya kusafisha damu, na yote tuliyavumilia kwa sababu ni mdogo wake mke wangu, na shemeji huletewa, hachaguliwi. Ila hili la takwimu limenifika hapa. Mtu akikuletea majani unaweza kumwambia huumwi. Akikuletea mchoro wenye mistari miwili, mmoja mwekundu na mwingine mweusi, inayopanda pamoja na kushuka pamoja kama maksai wa jembe moja, utamwambia nini? Na chini yake kaandika "utafiti".

Mchoro wa kwanza aliutupa kwenye kundi la ukoo alfajiri, saa ambazo watu wazima hutumiana habari za msiba tu, kwa hiyo nyumba nzima iliamka mioyo ikidunda. Ulihusu majarini. Ulisema kwamba katika jimbo la Maine, Marekani, kuanzia mwaka 2000 hadi 2009 kiwango cha talaka kilipungua, na miaka hiyohiyo majarini anayokula Mmarekani kwa mwaka ikapungua pia, tena kwa mwendo uleule, hatua kwa hatua. Wanahesabu wana kipimo chao cha mambo hayo: 1 maana yake safu mbili za namba zimeshikana kabisa, 0 maana yake kila moja na safari yake. Majarini na talaka za Maine zilipata 0.99. Nimekaa shuleni miaka mingi na sikuwahi kupata alama za namna hiyo kwa somo lolote.

Na namba ni za kweli, hilo ndilo linaloniudhi. Shemeji akaongeza maneno yake mwenyewe: "Ndugu zangu, tuokoe ndoa zetu." Kufikia saa moja asubuhi mke wangu alikuwa ameshaondoa kopo mezani.

"Mama watoto, hata ya kupaka juujuu?"

"Kwani wewe unataka tuachane?"

Nikanywa chai na mkate mkavu. Watoto wakanuna. Mkubwa akasema bora aende shule na njaa, mama yake akasema kiburi hicho mtoto amekirithi, mimi nikauliza amekirithi kwa nani, na kuanzia hapo mengine hayaandikiki gazetini. Ninachoweza kusema ni kwamba tumeishi na majarini miaka yote bila kelele, na asubuhi ya kwanza bila majarini tulikaribia kufika kwa kadhi.

Mchoro ule asili yake ni mzaha. Aliyeutengeneza ni Tyler Vigen, wakati huo mwanafunzi wa sheria Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 2014 aliandika programu ya kompyuta yenye kazi moja tu: kuchukua jedwali hili, kulilinganisha na lile, na kutafuta yanayofanana sura. Mwaka uliofuata akatoa kitabu. Ndiye aliyeonyesha kwamba idadi ya Wamarekani waliotumbukia kwenye mabwawa ya kuogelea wakafa maji ilikuwa ikipanda na kushuka na filamu alizocheza Nicolas Cage. Ndiye wa jibini pia: kadiri Wamarekani walivyozidi kula jibini, ndivyo walivyozidi kufa kwa kunaswa na mashuka kitandani. Mimi nilikwama hapo kwenye mashuka. Kumbe kuna nchi ambayo karani anakaa ofisini na kuandika waliouawa na shuka, mwaka baada ya mwaka, wala hachoki, na mshahara unaingia.

Vigen alikuwa anacheka. Shemeji hakucheka. Alimwandikia mke wangu faragha kumuuliza kama shuka zetu ni za pamba.

Jinsi michoro hiyo inavyopatikana hakuna uchawi wowote. Chukua majedwali 1,000 ya jambo lolote: bei ya dagaa, mvua za vuli, mabao ya ligi, mauzo ya vocha. Ukilinganisha kila moja na kila jingine unapata jozi 499,500. Katika jozi karibu nusu milioni, tena nyingine zenye miaka kumi tu ya kupimia, zitapatikana zilizoshikana mikono bila kujuana. Atakayekuonyesha hizo tano nzuri na kukuficha zile 499,495 hajakudanganya namba hata moja. Amenyamaza tu. Na ukitaka njia ya mkato zaidi, chagua vitu vinavyokua. Sensa ya 2012 ilitukuta Watanzania milioni 44.9, ya 2022 ikatukuta milioni 61.7. Ni kitu gani kisingepanda hapo katikati? Bodaboda, laini za simu, saluni, makanisa, misikiti, watu wanaonidai. Hata urefu wa mwanangu wa kwanza ulipanda. Nikiuchora mstari wake pembeni ya ule wa sensa, shemeji ataniomba nimzuie mtoto asirefuke, nchi inajaa.

Wakubwa wa fani waliliona hili zamani. Mwaka 1926 Mwingereza mmoja, Udny Yule (jina lake ndilo hilo, msidhani nimelisahau), alichukua takwimu za Uingereza na Wales za kuanzia 1866 hadi 1911. Sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana ilikuwa inapungua, na vifo navyo vilikuwa vinapungua. Akapiga hesabu, akapata 0.95. Yule hakuandika kwamba padri anaua. Aliuliza kwa nini vitu viwili vinavyoteremka kila kimoja kwa sababu zake vinaweza kutuchezea kiasi hicho. Shemeji angetupakia wote kwenye daladala hadi bomani tukafunge ndoa upya, tuishi milele.

Tusimcheke peke yake. David Leinweber, mtu wa hesabu za fedha huko Marekani, alitaka kuwaonyesha wenzake jinsi wanavyojidanganya, akapekua takwimu za nchi mbalimbali mpaka akapata kinachokwenda na soko la hisa la Marekani vizuri kuliko vyote: siagi inayotengenezwa Bangladesh. Alipoongeza jibini ya Marekani na idadi ya kondoo, mambo yakashikana kwa asilimia 99. Ulikuwa mzaha wa kufundishia. Wakampigia simu watu wenye pesa zao kumuuliza biashara ya siagi Bangladesh inaendeleaje sasa.

Iliyofuata ilikuwa chokoleti, na hapa nakiri nilisikiliza, maana ilihusu kula.

Mwaka 2012 daktari wa moyo Franz Messerli, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi New York, aliandika katika New England Journal of Medicine, jarida ambalo madaktari hulisoma wameketi wima, kwamba amelinganisha chokoleti inayoliwa na mtu mmoja kwa mwaka katika nchi 23 na washindi wa Nobel wa nchi hizo kwa kila watu milioni 10. Akapata 0.79. Uswisi ilikuwa kileleni kote kuwili. Akakadiria kwamba kila gramu 400 za ziada kwa mtu kwa mwaka huenda na mshindi mmoja wa ziada kwa kila watu milioni 10. Mwishoni, pale ambapo waandishi hutaja maslahi yao, akasema yeye mwenyewe hula chokoleti kila siku. Daktari alikuwa anatania huku amevaa tai. Magazeti ya dunia yalibeba habari bila kuuliza.

Shemeji akataka familia ianze kununua chokoleti kwa ajili ya akili za watoto. Nikachukua kalamu. Watu milioni 61.7, kila mmoja gramu 400, ni tani 24,680 za chokoleti kila mwaka, na kwa tani zote hizo taifa litapata washindi sita. Nani analipa? Kakao tunailima wenyewe Kyela, inaondoka ikiwa mbegu, inarudi imevaa karatasi ya dhahabu na bei ambayo inakufanya uirudishe rafuni ukijifanya ulikuwa unasoma tu maandishi. Ivory Coast na Ghana kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia. Kama harufu yake ingetosha, Kumasi na Abidjan zingekuwa zimeshafunga kabati za medali.

Na tunao wa kwetu. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akapata Nobel ya fasihi mwaka 2021. Shemeji anasema aliondoka kijana, ameishi Uingereza, chokoleti ameikuta huko. Mimi nasema utoto wake wote ulikuwa kwenye nchi ya halua. Wangari Maathai alipata ya amani mwaka 2004, naye alikulia Nyeri kwenye viazi na mahindi. Kwa takwimu hizi mbili napendekeza serikali iwekeze kwenye halua na irio, na kamati niongoze mimi.

Korongo nitawapitisha haraka. Wazungu huwaambia watoto wao kwamba mtoto mchanga huletwa na korongo mweupe. Mwaka 2000 Robert Matthews alichukua nchi 17 za Ulaya, akalinganisha jozi za korongo na watoto wanaozaliwa kila mwaka, na kweli: penye korongo wengi, watoto wengi. Kama mambo hayo hayahusiani, uwezekano wa kupata mfanano wa namna ile ni 1 kwa 125. Matthews alikuwa anawafundisha walimu wa takwimu, na jibu analijua yeyote aliyewahi kuona ramani: nchi kubwa ina mapaa mengi ya korongo kujengea viota na vitanda vingi vya watu. Korongo haohao baridi ya Ulaya ikianza huja Afrika, wengine wanakaa kwenye mbuga zetu wakila panzi, wala sijasikia wametembelea wodi ya wazazi. Wanangu wamezaliwa Temeke. Ndege niliyemwona Temeke ni kunguru, na kama kunguru wa Dar es Salaam wangekuwa wanaleta watoto, tungeshahamia baharini.

Sasa nifike kwenye dhuluma niliyofanyiwa mimi binafsi.

Mwaka 2019 Taifa Stars walirudi kwenye fainali za Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Mashindano yalikuwa Misri. Senegal walitufunga 2–0, Kenya wakatufunga 3–2 huku tukiwa tumeongoza, Algeria wakamalizia 3–0. Kibanda umiza cha mtaani kwetu kilikaa kikao, kikaamua kwamba mwenye nuksi ni mimi, kwa kuwa mechi zote tatu nilikuwepo. Aliyeleta hoja mnamjua. Nikawauliza: si mlikuwepo wote? Na lile feni bovu ukutani lilikuwepo mechi zote tatu, mbona halijafukuzwa? Hakuna aliyejibu. Tangu siku hiyo timu ya taifa ikicheza natazama kwa jirani, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetafutwa. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba Algeria ndio waliochukua kombe lile, na waliyemfunga fainali ni Senegal. Kundi letu lilikuwa na bingwa na makamu bingwa, halafu nuksi ni mimi niliyekaa benchi la nyuma na chupa ya maji.

Shemeji akanijibu kwa pweza. Mwaka 2010 Wajerumani walikuwa na pweza aitwaye Paul kwenye tangi mjini Oberhausen, akabashiri mechi nane za Kombe la Dunia na zote akapatia. "Unaona shemeji? Kuna viumbe vina nyota na vingine havina." Mwaka ule walijaribiwa wanyama wengine pia, na waliokosea hakuna anayewakumbuka majina. Huku pwani pweza wetu tunawakata supu kabla hawajafika robo fainali, labda ndiyo sababu hatujui matokeo.

Mtafikiri basi nimeshika upande wa wale wanaosema kila kitu ni sadfa. Hao nao ninaye mmoja nyumbani. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko mwaka wa pili chuoni, amepanga kwangu kwa kodi ya kusalimia asubuhi. Chuoni wamemfundisha sentensi moja, kwamba vitu kwenda pamoja si kusababishana, na anaitumia kama wengine wanavyotumia kadi ya kada. Ukimwambia mlango ulibaki wazi na mbu wameingia, sadfa. Ukimwambia amechelewa kulala ndiyo maana amechelewa kuamka, anauliza nimedhibiti vigezo vingine?

Kwa ajili yake nilimtafutia Richard Burton. Huyu ni Mwingereza aliyesafiri nchi ya Wasomali hadi Harar mwaka 1854 na 1855, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1856. Wenyeji walimwambia mbu wakikuuma unapata homa kali. Burton, msomi wa lugha chungu nzima, akaandika kwamba huo ni ushirikina tu, pengine umetokana na mbu na homa kuzidi majira mamoja. Soma tena hoja yake. Haina kasoro! Vitu viwili vinakuja wakati mmoja, watu wasiosoma wanadhani kimoja kimezaa kingine, bwana mkubwa anawasahihisha. Mpwa wangu angempa alama zote.

Mwaka 1857 Burton akavuka kutoka Zanzibar na mwenzake Speke kwenda bara kutafuta maziwa. Homa zikamwangusha mpaka wapagazi wakawa wanambeba, na kufika Ujiji mwaka 1858 alifika hoi. Sijui kama pale juu ya mabega ya watu aliwakumbuka wale wenyeji wa kule Somalia. Miaka 40 na ushei baada ya wao kumwambia, mwaka 1897, Ronald Ross akiwa Secunderabad, India, alipasua mbu, akaona vijidudu vya malaria kwenye tumbo lake. Akapewa Nobel mwaka 1902. Wenyeji wale hawakupewa hata bilauri ya maziwa ya ngamia. Mwaka huohuo wa 1897, kule London, Karl Pearson alichapisha maandiko ya kuonya juu ya uhusiano wa uongo kati ya namba. Hiyo sasa ndiyo sadfa tupu, na namwomba shemeji asiichoree mstari.

Mpwa akasema Burton hakuwa mtu wa takwimu. Nikamletea mtu wa takwimu. Ronald Fisher ni kama babu wa fani yote hiyo. Vipimo wanavyofundishwa chuoni vingi ni vyake. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walionyesha kwamba sigara inakwenda na saratani ya mapafu, na mwaka 1951 wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza takriban 40,000, wanaovuta na wasiovuta, kuona nani atakufa kwa nini. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji; alipoona namba za mwanzo akaacha. Fisher, kiko mdomoni, akasema kwenda pamoja si kusababishana, labda kuna kitu ndani ya damu kinachomfanya mtu apende sigara na kitu hichohicho kinamletea saratani. Alikuwa pia mshauri wa kulipwa wa wenye viwanda vya tumbaku. Sentensi ileile ya mpwa wangu, katika kinywa cha babu wa fani, iliwapa watu ruhusa ya kuendelea kuvuta huku wakikohoa.

Doll na Hill hawakuishia kwenye mistari miwili. Walitangulia mbele, wakasubiri, wakaona aliyevuta zaidi anakufa zaidi na aliyeacha anapumua. Ross hakuishia kwenye majira ya mvua. Alifungua tumbo la mbu. Hilo ndilo ninalowadai hawa ndugu zangu wawili, na wote wawili ni wavivu wa jambo hilohilo. Mmoja akiona mistari imefanana anatangaza vita na majarini, mwingine akiona mistari imefanana anarudi kulala.

Na mimi kwangu kuna suala la sukari. Tangu mpwa ahamie, kilo haifiki Ijumaa. Nilimweleza, akaniambia sadfa, mjomba, bei zimepanda, huenda mnanunua kilo pungufu. Nikapima kilo dukani kwa macho yangu: imetimia. Chuo kilipofunga akaenda kwao Tanga, sukari ikakaa mpaka ikashikana donge. Aliporudi ikaanza kuondoka upya. Nikamwonyesha.

"Mjomba," akasema, "sampuli yako ni ndogo."

Sampuli ni ndogo, kweli. Ila kijiko cha mezani kilichopotea nimekikuta chini ya godoro lake, na kilikuwa kinanata.